Kulipua eabegi kabla ya kuchinja gari: hesabu kwanza, waya baadaye

Gari likishafika yadi ya skrepa, injini imeshuka, betri imeuzwa na matairi yameondoka, kila mtu huliona bati tupu. Ndani ya bati hilo kunaweza kuwa na baruti sehemu nne, nane, hata kumi na mbili, na kila sehemu inasubiri mkondo mdogo wa umeme au joto la gesi ya kukatia ili ifanye kazi iliyoundiwa. Eabegi, yaani mfuko wa hewa wa kumkinga abiria, haifi kwa sababu gari limekufa. Gari la mwaka 2003 lililolala chini ya mwembe miaka mitano bado linaweza kumvunja mkono fundi aliyeinama juu ya usukani.

Magari mengi yanayochinjwa Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kampala yalikuja yakiwa yametumika Japani. Tangu Januari 2005, sheria ya nchi hiyo inamtaka mwenye gari alipie mapema vitu vitatu vitakavyoshughulikiwa gari likifika mwisho wake: gesi ya AC, eabegi, na takataka zinazobaki bodi ikisagwa. Gari likiuzwa nje ya nchi, ada hiyo hurudishwa. Kwa hiyo eabegi ilivuka bahari, na pesa ya kuilipua ikabaki kule. Kazi ambayo Japani hufanywa na yadi zilizosajiliwa, huku inamwangukia fundi mwenye spana na grenda, na mara nyingi hakuna aliyemwambia kwamba ni yake.

Kilichomo ndani

Nyuma ya kifuniko cha katikati ya usukani kuna mfuko wa naironi uliokunjwa, na chini yake kopo la chuma linalofanana na kopo kubwa la kiwi ya viatu. Ndani ya kopo kuna vidonge vya baruti, na katikati yake kuna kiwashi: uzi mwembamba wa chuma wenye ukinzani wa kama omu 2, uliozungukwa na unga unaoshika moto. Kwa kiwashi cha kawaida, mkondo wa ampea 1.2 kwa milisekunde 2 unatosha kukiwasha. Ampea 0.4 haipaswi kukiwasha. Katikati ya namba hizo mbili usitegemee lolote. Kikiwaka, vidonge vinageuka gesi, nyingi yake ikiwa nitrojeni, na mfuko unajaa kwa takriban milisekunde 30. Hakuna mtu anayeweza kurudisha kichwa nyuma kwa muda huo.

Kwenye magari ya zamani, hasa ya miaka ya 1990, vidonge hivyo ni vya sodiamu azaidi. Hiyo ni sumu kali. Ikikutana na asidi hutoa gesi yenye sumu, na ikikutana na shaba au risasi huweza kutengeneza chumvi inayolipuka kwa kuguswa tu. Ndiyo maana kopo ambalo halijalipuka halifunguliwi kwa patasi, halikatwi kwa grenda, wala halitobolewi ili kutoa baruti. Likishalipuka, azaidi huwa imeshaungua na kugeuka kitu kingine, na hatari hiyo huondoka nayo. Kulipua ni salama kuliko kuhifadhi, na kuhifadhi ni salama kuliko kufungua.

Kuchoma moto nako si njia. Watengenezaji huweka ndani ya kopo kiungo kinachowaka chenyewe joto likifika kama nyuzi 150 hadi 200, ili gari likishika moto kopo lilipuke kabla chuma chake hakijalegea na kupasuka. Kwa hiyo eabegi iliyotupwa kwenye moto wa takataka italipuka, ila hakuna ajuaye dakika gani wala itarukia upande gani. Ikiingia tanuri la kuyeyushia chuma pamoja na skrepa nyingine, anayelipa ni yule anayelisha tanuri.

Zilipo

Kazi nzima inasimama juu ya hesabu. Usipojua ziko ngapi, hujui umemaliza lini. Anza kwa kusoma maandishi: popote palipoandikwa SRS AIRBAG pana eabegi nyuma yake. Usukani, dashibodi upande wa abiria, ubavu wa siti unaoelekea mlango, plastiki za nguzo, pengine chini ya usukani kwenye magoti ya dereva. Kisha fuata plagi za njano. Karibu watengenezaji wote hutumia njano kwa nyaya za mfumo huu, na chini ya siti ndipo nyingi hujificha.

Eabegi ya pazia, ile inayoshuka kufunika vioo vya milango, inahitaji macho zaidi kuliko zote. Yenyewe ni mfuko mrefu uliolala juu ya milango chini ya kitambaa cha dari. Kinachoijaza mara nyingi ni silinda nyembamba ya chuma iliyofungwa kwenye reli ya dari au nguzo ya nyuma, na kwenye magari mengi silinda hiyo ina gesi iliyoshindiliwa kwa mgandamizo wa mamia ya bar pamoja na baruti kidogo. Hapo ndipo mkata skrepa huweka grenda kwanza anapotaka kuondoa paa. Disiki ikiingia kwenye silinda, kipande cha chuma hutoka kama risasi. Kabla ya kukata nguzo yoyote, shusha dari yote ya kitambaa na plastiki za nguzo, uone chuma kitupu.

Vivuta mkanda pia vihesabiwe, na hivi husahaulika kuliko vyote. Mikanda ya mbele ya magari mengi ina bomba dogo lenye baruti, ama kwenye rola ya mkanda chini ya nguzo ya kati, ama kwenye soketi ya kufungia mkanda pembeni ya siti. Baruti yake ni gramu chache tu, lakini inasukuma pistoni kwa nguvu ya kuondoka na vidole.

Gari dogo la mwanzoni mwa miaka ya 2000 lenye eabegi mbili za mbele na vivuta mkanda viwili lina viwashi vinne. Ongeza za siti na za pazia, vinakuwa vinane. Ongeza ya magoti, na eabegi za mbele zenye hatua mbili, unafika kumi au zaidi.

Hizo za hatua mbili zimewapotosha wengi. Kopo moja lina viwashi viwili: ajali ndogo huwasha kimoja, ajali kubwa huwasha vyote. Gari lililogongwa linaweza kufika yadi mfuko ukiwa unaning'inia kwenye usukani, kila mtu akaamini kwamba umeshakufa, kumbe kiwashi cha pili kingali hai. Geuza eabegi uhesabu plagi. Zikiwa mbili, zote mbili zipelekewe umeme, hata kama mfuko umeshatoka.

Magari machache ya miaka ya 1990 yana eabegi ya kimakanika isiyo na waya wowote: mtikisiko wenyewe ndio unaoiwasha. Ukikuta eabegi ya usukani haina waya wa njano, usiipige nyundo wala kuidondosha. Hiyo haiwezi kulipuliwa kwa njia inayofuata hapa, na inahitaji kitabu cha ufundi cha gari hilohilo kinachoonyesha jinsi ya kuifunga kabla ya kuigusa.

Kulipua ndani ya gari

Gari likiwa linakwenda kuwa skrepa, mahali pazuri pa kulipulia ni ndani ya gari lenyewe. Eabegi imefungwa kwa bolti zake, na bodi inazuia vipande. Ulaya, ambako maelekezo ya mwaka 2000 kuhusu magari yaliyomaliza muda yanataka vilipuzi viondolewe au vizimwe, yadi kubwa hutumia kifaa kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari na kuiamuru kompyuta ya eabegi ilipue zote kwa mpangilio, kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 26021. Kifaa hicho kinahitaji gari lenye kompyuta nzima, waya nzima, na la miaka ya karibuni. Gari letu la kawaida la yadini linalipuliwa kwa waya, plagi moja baada ya nyingine.

Toa petroli kwanza, kwenye tangi na kwenye mpira wake. Cheche na mvuke wa petroli havikai pamoja. Kisha fungua kichwa hasi cha betri ya gari na uiondoe kabisa. Sasa subiri. Kompyuta ya eabegi ina kapasita zinazotunza umeme ili eabegi ifanye kazi hata betri ikikatika wakati wa ajali. Vitabu vya Toyota husema sekunde 90, vya Honda dakika 3, na vipo vinavyotaka zaidi. Dakika 10 zinatosheleza karibu magari yote na hazimgharimu mtu kitu. Shika bodi ya chuma kwa mkono mtupu kabla ya kugusa plagi, ili umeme tuli wa mwilini upite kwenye bodi.

Hapa kwenye plagi ndipo mafundi wengi hukwama. Plagi ya eabegi ina klipu ndogo ya chuma inayounganisha pini mbili za kiwashi mara tu plagi inapochomolewa, ili umeme usio na mwenyewe uzunguke kwenye klipu na usipite kwenye kiwashi. Fundi asiyejua huchomoa plagi, huingiza nyaya mbili tupu kwenye pini, hugusisha betri, na hakuna kinachotokea: mkondo wote umepita kwenye klipu. Halafu huchukua bisibisi na kuing'oa klipu, uso ukiwa umeinamia eabegi. Wakati huo kiwashi kinakuwa hakina kinga yoyote.

Njia sahihi ni kutumia plagi ileile ya gari, kwa kuwa ikiingia mahali pake ndiyo inayoinua klipu. Ichomoe, kata waya wake sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye plagi upande wa gari, menya ncha mbili na uzisokote pamoja. Kisha zifungue na uunganishe waya wako wa kulipulia, uzi mmoja kwa kila ncha, huku ncha za mbali za waya wako nazo zikiwa zimesokotwa pamoja, na funika kila kiungo kwa tepu. Plagi inarudishwa kwenye eabegi mwisho, ukiwa umesimama pembeni, mwili na uso nje ya njia ya mfuko. Kuanzia hapo mtu mmoja tu ndiye mwenye ncha za mbali, na haziachi mkononi mwake. Betri ya kulipulia ikae huko aliko yeye, kamwe isisogezwe karibu na gari.

Waya uwe wa jozi iliyosokotana, milimita za mraba 1.25 au zaidi, urefu wa mita 15. Kwenda na kurudi ni mita 30, zenye ukinzani wa kama omu 0.4. Ukijumlisha na omu 2 za kiwashi, betri ya volti 12 yenye chaji inasukuma karibu ampea 5, mara nne ya kinachohitajika. Usipime eabegi kwa mita ya kawaida kuona kama ni nzima. Watengenezaji wote wanakataza, na mita za mshale kwenye kipimo kidogo cha omu hutoa mkondo mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Weka mbali pia betri ndogo za volti 9, maana nazo zinaweza kuwasha kiwashi.

Ondoa kila kitu kilicholegea ndani: spana, chupa, vioo vilivyovunjika, miwani juu ya dashibodi. Funga milango na vioo vyote, na pasipo kioo funika kwa turubai zito lililofungwa vizuri. Eabegi ya abiria hupasua kioo cha mbele mara nyingi, kwa hiyo kama kioo hicho kina mteja kitoe mapema. Kagua pande zote kwamba hakuna mtu ndani ya mita 10, wakiwemo watoto na wachuuzi wanaopita yadini. Waambie majirani. Mlipuko unasikika kama bunduki, na bila taarifa utaleta umati au polisi. Anayelipua avae kinga ya masikio na miwani.

Paza sauti, fungua ncha zilizosokotwa, gusisha betri. Mlipuko huja papo hapo. Ondoa betri, sokota tena ncha, kisha nenda kwenye plagi inayofuata.

Lipua moja moja. Ukiunganisha viwashi kwa mfuatano kwenye waya mmoja, kinachowahi kuungua hukata njia na vingine hubaki hai. Ukiviunganisha sambamba, kimoja kinaweza kuungua na kubaki kimeunganisha pini zake, kikanyonya mkondo wote. Katika hali zote mbili utasikia kishindo kikubwa na kudhani kimetosha. Mlipuko mmoja kwa kiwashi kimoja ndiyo hesabu pekee unayoweza kuiamini.

Isipolipuka

Ondoa betri, sokota ncha, na usisogee kwa nusu saa. Baada ya hapo anza kutafuta kosa upande wako, si upande wa eabegi: chaji ya betri, kiungo chenye kutu, waya uliokatika ndani ya ganda. Mara nyingi ni plagi ambayo haikuingia mpaka ilie, hivyo klipu haijainuka. Ukirudia mara ya pili kwa waya mwingine na betri nyingine na bado kimya, eabegi hiyo ihesabiwe hai. Ichomoe, iache klipu ifanye kazi yake, itunzwe uso wa mfuko ukitazama juu, kwenye sanduku la chuma lililofungwa, mbali na jua, moto na asidi ya betri, kisha itafutiwe wakala wa mtengenezaji au wataalamu wa vilipuzi. Usiilaze kifudifudi. Ikilipuka ikiwa imelala kifudifudi, eabegi nzima na chuma chake hupaa juu.

Iliyokwisha kung'olewa

Kuna eabegi za usukani ambazo zimeshatolewa kwenye gari na zimelala kwenye rafu. Vitabu vya Toyota vina njia ya kuzilipua kwa tairi, na ni njia nzuri ikifuatwa neno kwa neno. Chukua tairi lenye rimu, upana usiopungua milimita 185 na kipenyo cha ndani milimita 360, sawa na inchi 14. Eabegi ifungwe juu ya rimu uso ukitazama juu, kwa bolti zilizoingia kwenye matundu yake na waya wa milimita za mraba 1.25 au zaidi uliozungushwa angalau mara mbili. Kamba ya katani au waya mwembamba hukatika. Juu yake panga matairi matatu au zaidi yasiyo na rimu, yafungwe pamoja. Waya wa kulipulia upite chini, ukiwa na ulegevu wa kutosha usikatwe na mtikisiko. Umbali ni uleule, mita 10 kila upande.

Siti nazo ziangaliwe. Siti za magari huuzwa kwa ajili ya daladala na matatu, na nyingine huishia sebuleni au kwenye kibanda cha kinyozi. Yenye kitambulisho kidogo cha SRS AIRBAG ubavuni ina kopo hai mgongoni mwake, na plagi ya njano inaning'inia chini. Ilipuliwe ikiwa bado imefungwa kwenye gari, kabla ya kuuzwa.

Za Takata

Kuna kundi ambalo njia ya tairi hailifai. Makopo ya kampuni ya Takata ya Japani yaliyotumia baruti ya amonia naitreti bila kiungo cha kunyonya unyevu huharibika taratibu kwa joto na unyevunyevu wa miaka mingi. Vidonge hubadilika, huungua haraka kupita kiasi, na kopo lenyewe hupasuka na kurusha vipande vya chuma. Zaidi ya watu 20 wamekufa hivyo nchini Marekani peke yake, na kampuni iliomba kufilisiwa Juni 2017. Makopo hayo yamo kwenye Honda, Toyota, Nissan, Mazda, Subaru, Mitsubishi, BMW na mengine. Kwa baadhi ya Honda za Marekani za 2001 hadi 2003, mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo ilieleza mwaka 2016 kwamba uwezekano wa kopo kupasuka likilipuka unafika asilimia 50. Maeneo yaliyoathirika zaidi yalikuwa ya joto na unyevu kama Florida. Pwani yetu ina hali ya hewa ya namna hiyohiyo mwaka mzima.

Kabla ya kulipua, andika namba ya chesisi na uiingize kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa magari yaliyoitwa kurekebishwa. Gari lililotoka Japani linatafutwa kwenye ukurasa wa Kijapani, kwa sababu namba yake fupi haitambuliwi na kurasa za Ulaya na Marekani. Likikutwa kwenye orodha, muulize kwanza wakala wa mtengenezaji kama atalipokea kopo. Asipolipokea, lisitolewe kabisa ndani ya gari, wala lisiuzwe kwa mtu anayetaka kuziba usukani wake. Lilipuliwe palepale lilipo, bodi ikiwa nzima, wewe ukiwa nyuma ya ukuta wa tofali au kontena, kwa waya wa mita 30. Ukinzani unapanda hadi kama omu 0.8, na betri bado inatoa zaidi ya ampea 4.

Baada ya moshi

Subiri nusu saa. Kopo la chuma linaunguza, na hewa ya ndani ina kaboni monoksidi na vumbi linalowasha macho na ngozi. Fungua milango ukiwa na glavu, miwani na barakoa, uache upepo upite. Unga mweupe mara nyingi ni poda au wanga wa mahindi uliopakwa mfuko usigandamane, lakini kwenye gari la zamani una magadi makali ndani yake, kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Usimwagie maji makopo yaliyotoka kulipuka. Mfuko ukatwe uende na naironi, kopo liende na chuma.

Kisha chukua rangi ya kupuliza na uandike kwenye bodi, mahali atakapopaona mkata skrepa, namba mbili: viwashi ulivyovihesabu na milipuko uliyoisikia. Nane kwa nane, gesi iwashwe. Nane kwa saba, gari lisimame hapo mpaka cha nane kipatikane.